Sega Nililolikataa

Karatasi ile ilikaa kwenye ukuta wa jikoni letu karibu miaka miwili, imebandikwa kwa uji. Juu kabisa muuguzi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: USILE. Chini yake vikafuata tofi, chingamu, peremende, njugu, miwa, mahindi ya kuchoma, mifupa. Ukiisoma haraka ungedhani mtu alikaa chini akakumbuka kila kitu kizuri duniani, kisha akaninyima kimoja baada ya kingine. Mstari wa mwisho haukuwa wa muuguzi. Mama aliuongeza mwenyewe kwa kalamu ya buluu, kwa mwandiko wake wa kulala: asali ya masega.

Niliota meno vibaya. Chonge langu moja lilipanda juu ya mwenzake, na meno mawili ya mbele yaligeukiana kama watu waliokosana. Shuleni waliniita Jembe. Nilijifunza kucheka mkono ukiwa mdomoni, na picha zangu zote za utotoni nimefunga midomo kama mtu aliyeweka maji ndani.

Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Sosiot. Yeye ni mtu wa ziwani, mama ni Mkipsigis, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, kila mmoja na makosa yake. Baba ndiye aliyesikia kwamba kuna daktari wa meno mgeni katika hospitali ya misheni kule Bomet, amekuja kwa miaka miwili, na kwamba anawafunga waya watoto wachache wenye meno yaliyoshindikana. Alinipeleka. Daktari alinitazama mdomoni kwa muda mrefu, akamwambia muuguzi, naye muuguzi akatuambia: mtoto atafungwa, ila waya lazima zikae mpaka mwisho wa Januari ya mwaka wa pili, siku chache kabla daktari hajarudi kwao. Zikivunjika vibaya katikati, hakuna mwingine wa kuzitengeneza huku kwetu. Meno yatarudi yalikotoka.

Siku hiyo alinipa pia kiboksi kidogo cha plastiki chenye vipande laini vyeupe. Waya ikinichoma shavu, nikate kidogo, nikiviringe kwa vidole, nikibandike juu ya chuma. Nilikitumia usiku mwingi. Sikuwahi kuuliza vile vipande vimetengenezwa kwa kitu gani.

Krismasi ya kwanza tulibaki kiwandani kwa sababu baba alikuwa zamu. Watoto wa wafanyakazi tuligawiwa soda, mkate na pakiti ya peremende. Nilijiambia tofi moja haina neno. Nilipouma, nikasikia kitu kimetoka, nikatema kidude cha chuma mkononi pamoja na damu kidogo. Daktari alikirudisha mahali pake, lakini hakutabasamu, na muuguzi hakuona haja ya kulainisha maneno yake: "Ukivunja tena amesema anatoa zote. Si mchezo."

Tangu hapo mama akawa askari. Alinitafutia njia za kula utamu bila kuuma. Peremende aliitumbukiza kwenye chai ya moto akakoroga mpaka ikayeyuka, chai ikawa nyekundu. Mandazi aliyaloweka. Keki ya harusi ya jirani aliipondaponda kwa kijiko. Baada ya kila kitu, mswaki na maji ya chumvi, naye amesimama mlangoni anahesabu mizunguko. Nilimwambia sasa ninakunywa Krismasi badala ya kuila. Alicheka, lakini hakulegeza kitu.

Mama yangu hakuwa mkatili. Yeye mwenyewe alikuwa na jino lililovunjika mbele, na alikuwa ameficha kicheko chake tangu usichana. Alitaka mtoto mmoja nyumbani acheke mdomo wazi. Ninalisema hili mapema ili nisije nikasahau kulisema.

Sasa babu. Baba wa mama alikaa juu ya Kedowa, karibu na msitu, na alifuga nyuki katika mizinga ya magogo aliyoichonga mwenyewe. Sisi wajukuu tulimwita Kugo. Alikuwa mtu wa kanisa aliyevaa koti hata juani, na hakuwa na meno mawili ya chini, yale ya mbele kabisa. Yalitolewa alipokuwa mvulana, kama walivyofanyiwa wenzake wote wa zamani. Akicheka uliona ulimi wake ukichungulia pale kwenye pengo.

Krismasi kwa babu ilikuwa na jambo lake. Tukitoka kanisani, wajukuu tulipanga mstari nje ya jikoni, mdogo mbele, mkubwa nyuma. Yeye aliketi kwenye kigoda na sufuria ya masega, imefunikwa jani la mgomba. Alikata kipande kwa kisu, akakutia mdomoni kwa mkono wake. Hakuna sahani, hakuna kijiko. Ulitafuna mpaka utamu ukaisha, kisha ukatema nta kwenye kiganja chake, ukasema, "Kongoi, Kugo," yaani asante, babu. Ile nta aliiviringa kwa kidole gumba ikawa kigololi, akaiweka kando.

Nta haikutupwa. Mjukuu akimaliza darasa la nane, babu alimchongea mzinga, akaupaka ndani nta ile iliyotoka mdomoni mwa mwenye mzinga, akaupandisha mtini. Nyuki hufuata harufu ya nta, kila mfugaji anajua hivyo. Lakini babu aliamini kwamba nyuki wakiingia kwa nta uliyoitafuna wewe, wamekujua wewe. Binamu zangu watatu walikuwa na mizinga yao msituni, na waliisema kama watu wenye ng'ombe.

Desemba ya pili ya waya nilikuwa nimemaliza darasa la nane. Ilikuwa zamu yangu.

Tulipofika niliuona mzinga wangu kabla sijamwona mtu. Ulilala kwenye ukingo wa ghala la mahindi, mpya, mweupe kwa ndani, bado unanuka mti mbichi. Nilipitisha mkono juu yake. Mama aliniona, akanivuta kando kwenye ua wa miiba wa kei-apple, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwezi mmoja tu umebaki. Hiyo nta itashika kwa waya, na ukivuta inang'oa. Utamwambia Kugo hapana, kwa heshima. Ataelewa."

Nikasema ndiyo. Na niseme ukweli, kwa sababu nimeshazeesha uongo mwingi juu ya siku ile: sikukataa kwa ajili ya mama. Ningeweza kufungua mdomo, mama asingenipiga mbele ya baba yake. Nilikataa kwa ajili ya meno. Nilikuwa nimekwisha kuyaona kwenye kioo, yamenyooka nyuma ya chuma, na nilikuwa naenda shule ya bweni ambako hakuna aliyenijua kwa jina la Jembe. Niliyataka meno yale kuliko nilivyotaka kitu chochote maishani.

Mstari ulisogea. Wenye mizinga hawakupanga tena mstari, kwa hiyo nilikuwa wa mwisho. Babu alikuwa amenitunzia kipande kikubwa, cheupe, ambacho asali yake ilikuwa haijaanza kuvuja.

"Fungua," alisema.

"Siwezi, Kugo. Nimekatazwa."

"Nani anaweza kataza asali?"

"Daktari."

Hapo ndipo nilipodanganya. Daktari hakuwa amesema neno juu ya asali. Lakini kumtaja mama mbele ya babu, siku ya Krismasi, kungeleta maneno, na jina la daktari mzungu lilikuwa kubwa, lisiloweza kujibiwa.

Babu aliinama akanitazama mdomoni. "Ai, hii chuma yote! Inakula nini sasa?" Watu wakacheka. Akaonyesha pengo lake kwa kidole cha mkono wa kushoto. "Mimi walitoa mbili na sikulia. Wazee walisema, siku mdomo itafunga kwa ugonjwa, hapa ndio maziwa itapita. Sasa wewe umefunga geti kabisa. Siku hiyo kitu itapita wapi?"

Baba akadakia kutoka kwenye kiti chake, "Mzee, kwetu walikuwa wanatoa sita. Sisi tulitaka hata ugali ipite." Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mimi pia nilicheka, mkono mdomoni.

Lakini mkono wa babu ulikuwa bado uko mbele yangu, na kipande kilianza kuvuja. Asali iliteremka kwenye kifundo chake ikaingia ndani ya mkono wa koti.

"Kidogo tu," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Ya kuweka kwa mzinga."

Nilitikisa kichwa na kubana midomo.

"Basi," alisema. Akakirudisha kipande kwenye sufuria, akakifunika na jani. Akafuta mkono kwenye majani. Hakuulamba, na sijawahi kumwona mfuga nyuki mwingine akifuta asali bila kuulamba mkono. Mama akanipapasa mgongoni kuniambia nimefanya vyema. Binamu mmoja akaninong'oneza, "Yako itakaa tupu," nikamkanyaga mguu.

Kesho yake asubuhi tukiondoka, babu aliniwekea mkono kichwani. "Hiyo chuma ikitoka, kuja."

"January, Kugo. Ikitoka tu nakuja."

"Mimi niko," alisema.

Katikati ya Januari simu ilipigwa ofisini kiwandani, karani akaja mbio kumwita baba. Babu alikuwa ameanguka kwenye josho la ng'ombe, Jumamosi asubuhi. Hospitali walikaa naye siku kadhaa, kisha wakasema tumrudishe nyumbani, akae na watu wake. Upande wa kulia haukuwa na nguvu, maneno yalikuwa yamekwisha, na taya zilikuwa zimebana kabisa. Mama alinichukua tukaenda wote, kwa kuwa mimi nilikuwa nyumbani nangoja kuitwa kidato cha kwanza.

Nilimkuta amelala kwa ubavu karibu na moto, na nyanya yangu, Kogo wetu, amepiga magoti mbele yake. Alikuwa na kikombe cha maziwa ya uvuguvugu yenye asali na kile kijiko kidogo cha plastiki cha dawa ya watoto. Alipitisha ncha yake pale penye pengo, akainua polepole, akangoja koo la babu lisogee. Wazee hawakumdanganya. Mdomo ulikuwa umefunga, na maziwa yalipita palepale waliposema.

"Shika wewe," Kogo aliniambia. "Mkono yangu inatetemeka."

Nikashika. Siku ya kwanza nilimwaga nusu kwenye kidevu chake. Siku ya pili nilijua kipimo. Asubuhi, mchana na jioni nilipiga magoti pale, na uso wake ulikuwa karibu na wangu hivi kwamba niliona kila unywele mweupe wa kidevu. Jicho lake la kushoto lilinitazama. Sijui lilikuwa linajua nini.

Asali ilitoka kwenye chupa ya sharubati iliyosimama dirishani. Ilikuwa safi kabisa, ungeweza kuona mwanga upande wa pili. Hilo lilinishangaza, kwa sababu babu hakuwahi kuchuja asali. Alikuwa akiidharau asali ya dukani, akisema ni asali iliyofiwa. Siku ya tatu nikamuuliza Kogo nani aliyeichuja.

Hakuniangalia. Alikuwa anapanga kuni. "Yeye. Nyinyi kuondoka tu, akachukua kitambaa yangu ya kichwa, ile mzuri, akachuja mpaka jioni. Nilimgombeza sana. Akasema ni ya yule mtoto wa chuma. Akasema chuma itakataa nta, lakini haiwezi kataa maji ya asali." Akaweka kuni moja motoni. "Alikuwa akuletee huko kwenu Jumapili."

Naye alianguka Jumamosi.

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya ghala, pale ulipokuwa mzinga wangu, nikalia. Kisha nikarudi kwa sababu ilikuwa saa ya kumlisha. Chupa ilikuwa imefika nusu. Ilikuwa asali yangu, aliyonichujia kwa kitambaa cha mkewe na mikono yake mibovu ya uzee, nami nilikuwa namrudishia kijiko kwa kijiko, kwenye mlango ambao mimi nilijifungia. Nilitaka kumwambia. Nilisema tu, "Kugo, meza."

Wiki ya mwisho ya Januari baba alikuja kunichukua kwenda hospitali ya misheni. Mama alibaki na babu. Chumba cha daktari kilikuwa kimejaa makatoni, vitabu vimefungwa kamba. Alinitoa waya kwa koleo ndogo, moja baada ya nyingine, na nilipopitisha ulimi, meno yalikuwa makubwa na yanateleza, kama si yangu. Muuguzi alinipa kioo. Niliona mtu mzuri. Ninaona aibu kusema, lakini nilifurahi, kwa muda wa pumzi moja nilifurahi sana.

Daktari akauliza kwa kupitia muuguzi nitakula nini kwanza. Nikasema asali ya masega, ile niliyoikosa Krismasi.

Akauliza niliikosa kwa nini.

Nikasema kwa sababu ya nta, kwamba ingeng'oa waya. Muuguzi alimweleza, na daktari akacheka, si kwa ubaya. Alisema sega ni laini, halina uwezo wa kung'oa kitu. Ningetafuna polepole, nta ingenata kidogo, ningepiga mswaki, basi. Kisha akafungua droo akatoa kiboksi cha plastiki kama changu, akakitikisa mbele yangu. Muuguzi akatafsiri: "Anauliza, kwani ulidhani hii amekupa ni nini? Hii ni nta."

Kiboksi changu kilikuwa mfukoni mwa sweta yangu wakati ule. Nilikuwa nimelala na nta mdomoni miaka miwili.

Baba alikuwa nje akiongea na mlinzi. Alipoona meno yangu alipiga makofi peke yake. Nikakisukuma kiboksi chini kabisa mfukoni.

Kesho yake tulifika Kedowa mchana. Nilipitia jikoni moja kwa moja nikamuuliza Kogo kama lipo sega, lolote. Akanitazama mdomoni, akaelewa. Alinyoosha mkono kwenye kichanja juu ya moto akateremsha mkebe. Ndani, katika jani la mgomba lililokauka, kilikuwa kipande kile cha Krismasi. Babu hakukichuja pamoja na mengine. Kilikuwa kimekunjamana, na moshi umekipiga.

Nilipiga magoti pale pale nilipozoea. "Kugo, imetoka," nikasema, nikamwonyesha meno yote. Jicho la kushoto lilikuwa wazi. Nikatia sega mdomoni mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kunitilia, nikatafuna mbele yake. Lilikuwa tamu na chungu kwa moshi. Nilitafuna muda mrefu, mpaka halina kitu, halafu nikachukua kiganja chake cha kushoto, kile ambacho kilikuwa bado na uhai kidogo, nikatema nta humo.

"Kongoi, Kugo."

Hakufunga mkono. Nikamfunga vidole, kimoja kimoja, gumba mwisho. Nilipoachia, vikafunguka, na nta ikaanguka kwenye blanketi.

"Weka tena," Kogo alisema nyuma yangu.

Nikaweka tena. Nilikuwa bado naweka mama alipoingia na ndoo ya maji, akasimama, akaona. Alikuja akanishika mashavu kwa mikono yenye maji akayatazama meno yangu, na kwa mara ya kwanza tangu babu aanguke, mama yangu akatabasamu, jino lake lililovunjika likaonekana.

"Si unaona," aliniambia huku machozi yakimtoka. "Mwezi mmoja tu tulingoja. Na Kugo alielewa. Si alielewa?"

Siku nne baadaye tulimzika. Mzinga wangu mjomba aliupandisha mtini mwaka ule, lakini hakuna aliyeupaka nta, na haukupata nyuki. Mama ni mzee sasa. Kila Krismasi hunitazama nikicheka na watoto wangu, husema yale meno tuliyalinda vizuri, kisha huniuliza tena kama babu alielewa, baba yake yeye, aliyefuta asali mkononi kwa sababu ya mstari mmoja wa kalamu ya buluu, ambao mama hajui mpaka leo kwamba haukuhitajika.

Nami humjibu, "Alielewa, mama."